Pansi ni ua la baridi, na baridi tunayo

Nasema bila kupepesa macho: kila kipupwe, vibaraza vya Mbeya, Iringa na Njombe vilipaswa kujaa pansi. Badala yake tunahangaika na maua yaliyozoea joto la Pwani, na yakidumaa Julai tunasema huku maua hayakubali. Yanakubali sana. Tunachagua yasiyo ya kwetu.

Pansi za bustanini zilianza kuzalishwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na maua madogo ya mwituni. Hustawi kwenye ubaridi, na hata sakitu nyepesi ya asubuhi haiziui. Joto ndilo adui: shina hurefuka ovyo na maua hupungua. Mtu wa Dar es Salaam atazihangaikia mno. Sisi wa mita 1,600 kwenda juu hali ya hewa inatufanyia nusu ya kazi.

Mimi nasia mbegu kitaluni Februari au mwanzoni mwa Machi, kwenye kivuli, nikizifunika na udongo laini, maana huota vizuri gizani. Mvua zinapoelekea kuisha, miche inahamia kwenye tuta, nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Asiye na uwanja atumie ndoo iliyopasuka au kopo la rangi lililooshwa, mradi litobolewe chini. Maji yakituama mizizi inaoza. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, kwani mbichi huunguza miche.

Kuanzia Juni mvua hakuna na upepo ni mkavu, hivyo kopo hukauka upesi kuliko tuta. Chomeka kidole, pakiwa pakavu mwagia asubuhi, shinani.

Kazi ambayo wengi huiacha, nami naiona kuwa ndiyo kubwa, ni kuchuma maua yaliyonyauka. Shika kikonyo kilipoanzia, ukate kwa kucha. Ukiliacha ua, linafunga kitumba cha kijani ambacho kikikauka hupasuka pande tatu, mbegu zimejipanga ndani. Mmea ukishaona mbegu zimepatikana, hauna haraka ya kuchanua tena. Bakiza vitumba vichache tu vya mbegu za mwakani, uvivune kabla havijapasuka, la sivyo mbegu zitarukia mbali.

Oktoba jua likikaza, pansi zikianza kuchoka, zing'oe bila huruma. Kopo lile lile litiwe mboji mpya, upande mchicha.