Namba ya Kiti

Tangu nioe, sijapata kumgusa mama mkwe wangu hata ncha ya kanga. Kwetu Unguja ndivyo tulivyolelewa: mkwe huamkiwa kwa mbali, macho chini. Shikeni hilo, maana ndilo lililotuponza kisiwani Changuu.

Tulipanda mashua Forodhani, mimi, mke wangu, watoto na Mama mwenyewe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Pemba. Njia nzima watoto wanamjaza habari za kobe: wa mwanzo walikuwa wanne, wakaletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na dume likikomaa linapita kilo 200. Mama anaitikia tu, "Ehee." Kobe anaowajua yeye ni wale wa shambani, wa kufunikwa kwa sahani. Na miwani kaisahau nyumbani.

Kisiwani unakata tiketi, unapewa fungu la mchicha, kisha unaingia uani kwao na kutembea katikati yao. Jua lilikuwa kali. Mama akasema yeye anatafuta kivuli, hao kobe wakitokea tumwite. Akajongea chini ya mti, akapangusa majani makavu kwa upindo wa kanga, akaketi.

Jiwe likapumua.

Pumzi yenyewe ilikuwa kama tairi la lori linalotolewa upepo. Likachomoza miguu, likainuka na Mama juu yake, na buibui, na pochi, na mchicha, likashika njia.

Angekuwa mnyama mwenye mbio, angemwangusha pale pale yakaisha. Huyu hana haraka. Mama aliisoma "Inna lillahi" mpaka mwisho, akapata nafasi ya kuirudia. Na mimi nipo pembeni, mikono imenyooka nusu, najiuliza nimshike wapi. Bega? Kiuno? Mkwe! Nikamtazama mke wangu. Kakaa chini, kicheko kimemkata miguu. Basi nikaona heri nimshike kobe. Akaniburura na mimi.

Mlinzi akaja mbio. "Bibi! Kobe hapandwi! Hukusoma kibao?"

Watalii wameshatoa simu. Kisiwa kile kina jela iliyojengwa mwaka 1893, haikupata kufunga wahalifu, ikaishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Nikasema moyoni, leo itapata mtu wa kwanza, naye ni mkwe wangu.

"Sikumpanda," Mama akajibu kutoka huko juu. "Nimekaa kitini. Kina namba!"

Kweli, mgongoni palikuwa na rangi ya buluu: 103. Mlinzi akaeleza kwamba ule ni umri wake.

Mama akanyamaza. Kwa bahati kobe aliuona mchicha wa binti yetu mdogo, akasimama kula. Mlinzi, ambaye hana ukwe na mtu pale, akampa Mama mkono akashuka. Akaweka buibui sawa, akageukia kichwa cha yule mzee.

"Shikamoo."

Akampa mchicha wake wote. "Miaka mia na mitatu," akasema, bila kunitazama, "na hana hata mtoto wa kuwakataza watu wasimkalie."

Usiku akampigia simu dada yake Chake Chake. Nilikuwa ukumbini, na mlango wake haukufungwa, nadhani kwa makusudi.

"Nimechukuliwa hivi hivi, mkwe ananitazama! Afadhali kobe. Yeye alikuwa na adabu, alikwenda polepole."