Mji Uliopangiwa Karanga

Shemeji yangu kaja huku Mtwara kutoka Dar juzi, hata begi hajatua, ananiambia: "Ila shemeji, huku mji umepangwa! Barabara pana, foleni hakuna." Nikameza mate. Mgeni haburuzwi kwenye ubishi siku ya kwanza.

Umepangwa, ndiyo. Lakini umepangiwa nani? Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, na kwa zile za Nachingwea, huko bara, wakataka bandari ya kina kirefu na reli ya kuzileta. Mikindani, mji wa kale jirani, ilikuwepo na majahazi yake, wakaiona ndogo. Wakachora mji mpya hapa Mtwara, wa watu laki mbili. Mwaka 1951 mradi ukafa, pauni zaidi ya milioni 35 zimeyeyuka. Gati likafunguliwa 1954, karanga ziko wapi? Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Sisi tukaachiwa upana wa barabara.

Sasa utembee upana huo saa saba mchana. Wazungu walijipa mtaa wa Shangani, kwenye upepo wa bahari. Sisi tukawekwa nyuma. Mama yangu mdogo alikuwa akipeleka samaki huko kwa miguu, beseni kichwani, jua la utosi, kivuli cha kupumzikia hakuna. Mwenye gari atayajulia wapi hayo? Nenda Mikindani kwenye vichochoro: ukuta wa huyu unamkinga jua mpita njia, na barazani yupo mtu wa kumwamkia. Ule nao ni mpango, tena wa watu, ila haukuchorwa na mwenye kaptula ya kaki.

Haya, nisiwe mkosa shukrani: bandari inatufaa, na bila barabara hizi pana malori ya korosho yangepita sebuleni kwetu.

Halafu ikaja gesi. Viwanja vikapanda bei, 2013 tukapinga bomba la kuipeleka Dar, tukavuta moshi wa mabomu ya machozi, 2015 bomba likafika huko. Karanga, gesi: huku mtu anakumbuka mji kikipatikana cha kusafirisha.

Majuzi tuliitwa "wadau" kwenye kikao cha mpango wa mji. Ramani ukutani, zambarau viwanda, nyekundu biashara. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inataka tushirikishwe, basi tukashirikishwa: soda moja, sahihi moja. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, sisi wauza samaki tuko rangi gani hapo?" Mtaalamu akasema swali limepokelewa.

Leo nimemwambia shemeji atangulie sokoni kwa miguu, aufaidi mji uliopangwa. Karudi na bajaji.