Kikundi cha Kusoma Tafiti za Usalama wa Kompyuta Hakihitaji Projekta

Vikundi vingi vya kusoma katika idara zetu za kompyuta vinauawa na projekta. Mwanafunzi mmoja anapewa makala ya utafiti, anakesha akitengeneza slaidi, na siku ikifika anasimama mbele kueleza matokeo ya watu wengine kama msomaji wa taarifa ya habari. Waliobaki hawajasoma chochote, na hawana sababu ya kusoma, maana wanajua watasimuliwa. Mwishoni mwalimu anauliza kama kuna swali. Kimya. Watu wanapiga makofi na kuondoka. Katika masomo mengine hasara yake inavumilika. Katika usalama wa kompyuta haivumiliki, kwa sababu uzito wa makala ya usalama mara nyingi hauko kwenye matokeo. Uko kwenye sentensi mbili tatu za mwanzoni ambako mwandishi anaeleza amemdhania adui wa namna gani: yuko wapi, anaweza nini, hawezi nini. Sentensi hizo ndizo slaidi huziruka.

Naendesha kikundi cha aina hii hapa Dar es Salaam, cha wanafunzi wa mwaka wa tatu na wachache wa uzamili. Masharti yetu ni machache. Hakuna slaidi. Aliyekuja bila kusoma anakaribishwa kukaa, ila siku hiyo hachangii. Makala moja tunakaa nayo wiki mbili, imechapishwa kwenye karatasi, na kila mtu ana kalamu mkononi. Swali la kwanza halibadiliki: adui wa mwandishi huyu ni nani? Mambo ya mchango wa makala na ubora wa majaribio yatakuja baadaye.

Makala ninayopenda kuanza nayo ni ya zamani. Mwaka 1978 watafiti Roger Needham na Michael Schroeder walipendekeza namna ya watu wawili kuthibitishana kwenye mtandao kwa kutumia funguo za umma: yeyote anaweza kukufungia ujumbe kwa ufunguo wako wa wazi, ila wewe peke yako ndiye unayeweza kuufungua. Kiini chake ni jumbe tatu tu. Sisi huzipitisha kwa bahasha. Nawakalisha wanafunzi watatu kwenye viti, nawaita Asha, Bakari na Chande, na juu ya kila bahasha tunaandika jina la mwenye ufunguo. Asiye mwenye jina haruhusiwi kufungua. Asha anambunia Bakari namba ya siri, anaiweka pamoja na jina lake mwenyewe kwenye bahasha ya Bakari. Bakari anafungua, anaweka namba ile pamoja na namba yake mwenyewe kwenye bahasha ya Asha. Asha anaona namba yake imerudi, basi anamrudishia Bakari ile ya pili. Wameaminiana.

Baada ya hapo nawaambia warudie, ila safari hii Asha aanze kwa kumwandikia Chande. Hajatekwa wala hajadanganywa. Chande ni mtumiaji halali wa mfumo kama wengine. Chande anafungua bahasha yake, anahamisha karatasi ile ile kwenye bahasha ya Bakari na kumpelekea. Bakari anaona jina la Asha, anajibu kwenye bahasha ya Asha. Chande hawezi kuifungua, kwa hiyo anaipitisha kama ilivyo. Asha anafungua, anakuta namba yake, anaamini ni jibu la Chande, anamrudishia Chande namba ya pili. Sasa Chande anayo namba ya Bakari mkononi. Anaiweka kwenye bahasha ya Bakari na kumpelekea, na Bakari anaapa kwamba anaongea na Asha.

Hapo chumba hulipuka. Wengine wanadai kuna bahasha imekosewa, wanataka irudiwe. Ikirudiwa, matokeo ni yale yale. Muhula uliopita binti aliyekuwa Asha aliikamata ile bahasha ya katikati, akaigeuza pande zote mbili, akauliza, “Mwalimu, mbona jibu hili halisemi limetoka kwa nani?” Ndiyo dawa yenyewe. Mtafiti Gavin Lowe alichapisha shimo hili mwaka 1995, miaka 17 baada ya makala ya kwanza, na marekebisho yake ni kuongeza jina la Bakari kwenye ujumbe wa pili.

Needham na Schroeder hawakuwa wazembe. Walimdhania adui aliye kwenye waya, anayesikiliza na kuchezea jumbe za watu, na waliomo ndani ya mfumo wakawachukulia kuwa waaminifu. Chande yumo ndani. Mwanafunzi akilishika jambo hili kwa mikono yake, hatasoma tena makala ya usalama kwa namna ya zamani. Slaidi moja yenye mishale mitatu isingemfikisha hapo.

Kutoka hapo tunaenda kwa Ross Anderson, mtafiti wa usalama wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefariki mwaka 2024. Makala yake ya 1993 inachunguza jinsi fedha zilivyokuwa zikiibwa kupitia mashine za ATM. Wataalamu walikuwa wamejiandaa kwa adui mwenye hisabati kali, wa kuvunja msimbo wa siri unaoficha taarifa. Wezi wa kweli walisimama kwenye foleni, wakachungulia namba ya siri ya mteja, wakaokota risiti aliyoitupa ikiwa na namba kamili ya akaunti, kisha wakatengeneza kadi bandia. Wengine walikuwa wafanyakazi wa benki wenyewe. Na mteja akilalamika, alikuwa akiambiwa mfumo haukosei.

Sijawahi kuona mwanafunzi wa Kitanzania akiisoma makala hii bila kutabasamu. Kila mwenye simu hapa amewahi kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Hakuna msimbo uliovunjwa pale. Tapeli anabahatisha tu kwamba katika maelfu anaowatumia, yupo mmoja aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu hela dakika hiyo hiyo. Tumetumia saa nzima kujadili ni sehemu gani ya mfumo ingepaswa kumzuia, na ni nani anayepaswa kubeba hasara.

Swali hilo la hasara lina makala yake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha uchunguzi wa programu 46 za simu za kutuma na kupokea pesa katika nchi zinazoendelea. Saba kati ya hizo walizifungua kwa mkono, hatua kwa hatua. Nyingi hazikutoa ulinzi unaohitajika kwa huduma ya fedha. Kisha wakafanya jambo ambalo wahandisi wengi hawalifanyi: wakasoma vigezo na masharti, wakakuta mzigo wa hasara umetwikwa mteja. Kazi ninayowapa wanafunzi baada ya makala hii ni moja: fungua masharti ya huduma ya pesa unayotumia wewe, utafute mahali panaposema nani analipa muamala ukichezewa. Wanarudi wamekasirika, na hasira hiyo naithamini kuliko muhtasari wowote.

Halafu tunaibishia hata makala yenyewe. Tafiti nyingi zinachukulia kwamba simu ina mwenye mmoja na namba ya siri anaijua yeye peke yake. Huku bibi anamwambia mjukuu namba yake amtolee hela, na wakala anamsaidia mteja asiyeona vizuri kubonyeza menyu. Huo si ujinga wa watumiaji. Ndivyo watu wanavyoishi, na mtafiti ambaye hakuliweka hilo kwenye dhana zake ameilinda simu ya mtu mwingine. Nafasi ya wanafunzi wetu kuchangia jambo jipya duniani iko hapo hapo, na nasikitika tunapowafundisha kuiruka.

Mjadala wetu ni wa Kiswahili. Makala ni za Kiingereza, nukuu zinasomwa kwa Kiingereza, lakini ubishi ni wa Kiswahili, na hili sitalilegeza. Mwanafunzi anayeongea Kiingereza cha darasani anaweza kurudia maneno ya muhtasari dakika tano bila kuelewa hata moja, na hakuna atakayemgundua. Akitakiwa amweleze mwenzake kwa Kiswahili kwa nini Chande amefanikiwa, hana pa kujificha. Na wale wakimya wa nyuma, ambao mara nyingi ndio wamesoma kwa makini zaidi, wanaanza kuongea.

Lipo jambo ambalo mwendesha kikundi asilicheleweshe: sheria. Kijana akisoma jinsi mfumo ulivyovunjwa, kesho yake anatamani kujaribu kwenye mfumo wa matokeo wa chuo. Tangu 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata kama nia yako ilikuwa njema. Tuna kompyuta mbili chakavu zisizounganishwa na mtandao wowote. Za kuvunja ni hizo. Na tunasoma pia kisa kilichozua zogo mwaka 2021: watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamepeleka kwa makusudi marekebisho yenye kasoro kwa wasimamizi wa Linux, mfumo endeshi ambao yeyote anaweza kuuchangia, ili kuona kama yatagunduliwa. Chuo kizima kilizuiwa kuchangia, na waandishi wakaiondoa makala yao.

Kisingizio cha kukosa makala sikikubali. Shirika la USENIX linatoa tafiti za mikutano yake bure kwa yeyote, na waandishi wengi huweka nakala kwenye kurasa zao. Mtu mmoja mwenye bando anapakua, tunachanga hela ya kuchapisha.

Wakuu wa idara huniuliza kwa nini kikundi hakina alama. Kikiwa na alama, watakuja wanaotaka alama, na projekta itarudi. Nipeni chumba na saa mbili Alhamisi jioni, inatosha.

Muhula ujao tunaanza na hotuba ya Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo endeshi wa Unix, iliyochapishwa mwaka 1984. Ni kurasa tatu. Anaonyesha jinsi kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa programu inayofanya kazi, inavyoweza kupandikiza mlango wa siri kwenye programu inayomuuliza mtumiaji nywila anapoingia kwenye kompyuta, na kuupandikiza upya ujanja huo ndani yake yenyewe kila inapojengwa, huku maandishi yote ya programu unayoyasoma yakiwa safi. Adui wake ni yule aliyekutengenezea kifaa cha kazi. Ukija, uwe umeisoma.