Rudisheni kurasa za mwisho za Vanitas

Wiki iliyopita mtu mmoja katika kundi letu la Telegram aliweka faili la juzuu la The Case Study of Vanitas, manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Jun Mochizuki kuhusu wanyonya damu, mojawapo ya yale ya kisa cha mnyama wa Gévaudan, akaandika chini yake kwamba "amelisafisha". Nikalifungua. Usafi wenyewe ni kwamba kila kilichokuwa baada ya sura ya mwisho kimeondolewa: vibonzo vifupi vya mzaha, maneno ya mwandishi kwa wasomaji, ukurasa wa shukrani, hata michoro inayofichwa chini ya jalada la juu. Alipoulizwa sababu akajibu kwamba hadithi imeishia kwenye machozi, na yeye hataki kuonyeshwa watu wale wale wakifanya vituko ukurasa unaofuata. Akashukuriwa sana. Mwingine akamwomba ayafanyie hivyo na majuzuu yaliyobaki.

Nimeudhika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba aliyefanya hivyo anaipenda manga hii kuliko wengi wetu. Asiyejali asingehangaika kukata.

Mnaikumbuka sura ya kwanza. Noé, kijana mnyonya damu anayetusimulia, yumo ndani ya La Baleine, chombo cha angani kinachoelekea Paris, anashangaa kila anachokiona. Mapema kabisa, kabla hatujajua kama Vanitas, binadamu anayedai kuwaponya wanyonya damu kwa kitabu cha mwezi wa buluu, ni daktari au ni tapeli, sauti ya Noé wa baadaye inatuambia kwamba haya ni kumbukumbu za safari aliyosafiri na mtu yule, na kwamba mwisho wa safari alimuua kwa mkono wake mwenyewe. Jun Mochizuki aliliweka hilo wazi tangu sura zilipoanza kutoka katika jarida la Gangan Joker, Desemba 2015. Hakutuficha. Kuanzia hapo, kila Vanitas anapocheka, anapojitapa, anapomchokoza Jeanne halafu mwenyewe akababaika, sisi tunaosoma tunajua anakoishia.

Sasa niambieni, kifo cha mtu kitakuuma vipi kama hukuwahi kukaa naye siku ambayo hakuna lililotokea?

Sura kuu hazina nafasi ya siku kama hizo. Sura inayotoka mara moja kwa mwezi ina kazi ya kufanya: isogeze kisa, ifichue siri ya mtu, imwage damu, halafu imwache msomaji na kiu ya mwezi mzima. Kwa hiyo watu wa humo tunakutana nao katika saa zao mbaya. Dominique tunamwona akiwa na jeraha la kifo cha nduguye Louis. Jeanne tunamwona kama mtu aliyefanywa silaha kabla hajaulizwa anataka nini. Chloé d'Apchier tunamkuta katika ngome yake yenye theluji, na upweke wa miaka ambayo binadamu hawezi kuiishi. Ni katika zile kurasa za nyuma, wanapochorwa wafupi, vichwa vikubwa kuliko viwiliwili, wakibishana juu ya mambo yasiyo na uzito wowote, ndipo tunapowapata wakiwa watu tu. Hakuna aliyelaaniwa, hakuna anayeponywa, na kile kitabu cha mwezi wa buluu kimefungwa. Murr, paka wa Noé, yupo. Kwangu mimi hayo ndiyo maisha ambayo sura kuu zinatishia kuyachukua, na usipoyaona, hutajua ni nini hasa kinachochukuliwa.

Tena Mochizuki hafanyi hivi mwishoni tu. Katikati ya sura zenyewe, baina ya kisu na busu, wahusika wananywea ghafla wakawa vile vikatuni vidogo, kisha wanarudi kuwa warefu na wazuri na wenye huzuni. Ni mkono ule ule. Ukisema kurasa za mwisho zinaharibu huzuni, itakubidi ufute na vibonzo vilivyomo ndani ya sura, na ukimaliza kufuta hutakuwa na Vanitas tena. Utabaki na kijana mzuri mwenye koti jeusi anayeteseka, na vijana wa namna hiyo wamejaa katika kila hadithi ya wanyonya damu.

Sisi wa huku tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Nani hajawaona watani msibani? Bibi yangu alipofariki, mtani mmoja alijifunga khanga yake, akashika fimbo yake, akaanza kutembea uani akiwafokea kuku kwa sauti ile ile ya marehemu. Shangazi yangu, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi kama mtu asiyesikia, akacheka mpaka akaishiwa nguvu. Kisha akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata mwili ulipoletwa. Yule mtani hakuharibu msiba. Alimrudisha bibi nyumbani kwa muda mfupi ili shangazi aweze kumlilia yeye mwenyewe, mwenye kuku wake na hasira zake. Hakuna mzee aliyesimama akasema watani waondolewe kwa sababu wanaharibu huzuni.

Kisha kuna wale wanaolitetea lile kato kwa sauti ya kisomi, kwamba gothiki, yaani hadithi za kutisha za aina hii, kwa asili yake ni giza, na kwamba kicheko ni kitu kilichobandikwa na wachapishaji ili kuuza. Hili si kweli hata kidogo. Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto huko Uingereza, Desemba 1764, riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo mama wa hadithi hizi zote za ngome na mizimu, aliwapa watumishi wa ngome maneno ya kuchekesha katikati ya hofu. Katika dibaji ya toleo la pili, mwaka 1765, akalitetea jambo hilo waziwazi. Anauliza: je, Hamlet na Julius Caesar hazingepoteza sehemu kubwa ya uhai wao kama mzaha wa wachimba kaburi na utani wa raia wa Roma ungeondolewa? Julius Caesar ndiyo tamthilia ile ile aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere, inayofunguliwa na fundi viatu anayewachezea maneno wakubwa wa mji kabla tone lolote la damu halijamwagika. Aliyekuwa akipinga kuchanganya kicheko na huzuni alikuwa Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, na Walpole anamjibu kwa jina lake. Mzozo wetu wa Telegram una umri wa zaidi ya miaka 250, na aliyeianzisha gothiki alisimama upande wa mzaha.

Halafu uangalieni huo mwaka, 1764. Ndio mwaka mnyama wa Gévaudan alipoanza kuua, kule milimani kusini mwa Ufaransa. Aliua hadi 1767, watu wapatao mia moja, wengi wao wakiwa wanawake na watoto waliokuwa wakichunga mifugo. Mfalme Louis wa 15 alituma wawindaji wake, mmoja wao akarudi na mbwa mwitu mkubwa na kutangaza kwamba kazi imekwisha, na mauaji yakaendelea. Aliyempiga risasi mnyama wa mwisho, Juni 1767, ni mtu wa huko huko aitwaye Jean Chastel, katika msako ulioandaliwa na mtawala wa eneo hilo, d'Apchier. Mochizuki amechukua majina hayo mawili, Chastel na d'Apchier, akampa moja Jean-Jacques na jingine Chloé, akawafunga pamoja kwa mapenzi na kwa kosa. Nyuma ya michoro ile ya theluji kuna makaburi ya kweli ya watoto wachungaji. Mwandishi anayebeba mzigo huo, halafu mwishoni mwa juzuu akakaa akawachora watu wake wakicheka, hafanyi hivyo kwa kukosa heshima. Nawaza namna alivyoishi miezi na miezi na Chloé kichwani, akichora uso ule ukiwa umekata tamaa kutoka kila upande, na sioni angewezaje kuendelea bila kumpa yule binti japo nusu ukurasa wa amani.

Najua mtaniambia kurasa za ziada huwekwa kujaza karatasi. Ni kweli, kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, idadi ya kurasa huenda kwa nane nane au kumi na sita, na sura zikiisha kabla ya karatasi lazima kitu kiwekwe. Nakubali. Nakubali pia kwamba vibonzo vingine ni dhaifu, na kwamba kutoka kwenye ukurasa wa kilio kwenda moja kwa moja kwenye kichekesho kunashtua. Mimi mwenyewe baada ya sura nyingine hufunga kitabu, nikavirudia vibonzo kesho yake. Lakini kukifunga kitabu chako ni uamuzi wako peke yako. Ukikata kurasa kwenye faili linalosambazwa, umewaamulia wasomaji ambao hata hujawahi kuwaona.

Na hao wasomaji ni wengi huku kwetu. Vitabu vyenyewe havipatikani kirahisi madukani, na ukiviagiza nje, usafirishaji peke yake unaweza kukukatisha tamaa. Wengi wameijua hadithi hii kupitia anime, yaani katuni ya televisheni, ya studio ya Bones, zile sehemu 24 za mwaka 2021 na 2022, na muziki wa Yuki Kajiura unaokuingia mifupani. Ni kazi nzuri sana, ila kurasa hizi hazimo. Kijana aliyeimaliza anime akaja kutafuta manga, faili lile ndilo kitabu pekee atakachokishika. Hataambiwa kuna kitu kimepungua. Atadhani juzuu linaishia pale.

Kuna na ule ukurasa wa shukrani, ambao sijaona yeyote akiuulizia. Pale ndipo yanapoandikwa majina ya wasaidizi. Chukua ukurasa wowote wa Paris ya Mochizuki uutazame polepole: lasi za magauni, magurudumu ya mitambo, mapaa ya nyumba, vigae kimoja kimoja. Mtu mmoja hawezi kuyachora yote hayo kila mwezi. Kuna watu waliokesha mezani kwa ajili ya ukurasa ambao sisi tunaupitisha kwa kidole kwa muda wa kupepesa macho, na malipo pekee wanayoyapata kutoka kwetu ni sisi kusoma majina yao. Mafaili haya hayampi Mochizuki wala wao hata senti. Tunasoma bila kulipa, halafu tunafuta na majina. Hilo siwezi kulinyamazia.

Kwa hiyo namwomba aliyelisafisha, na namwomba kwa heshima kwa sababu najua anaipenda hadithi hii: liweke upya faili kamili. Vibonzo vyote, michoro ya chini ya jalada, yale maneno madogo yaliyoandikwa kwa mkono pembeni ambayo hata watafsiri wa kujitolea mara nyingi huyaruka, na ukurasa wa majina. Usiyaguse majuzuu mengine. Na wewe uliyekwisha kulipakua lile lililokatwa, lifute, usilitume kwa mtu mwingine.