Kerneli mpya isiguse menyu nzima

Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, kerneli (kiini cha mfumo) ikiapdetiwa, amri ya update-grub inajiendesha yenyewe, inaandika upya grub.cfg yote, yaani faili la menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, unawasha mashine unaendelea na kazi zako. Ndo maana watu wakisikia kuwa Fedora, Linux nyingine, tangu toleo la 30, mwaka 2019, kila kerneli ina kifaili chake kidogo cha menyu ndani ya /boot/loader/entries wanauliza, kwani kulikuwa na ubovu gani? Swali la haki kabisa.

Ila kumbukeni yaliyowakuta watu wa Arch, nayo ni Linux, Agosti 2022. GRUB mpya ilibadilisha namna amri ya fwsetup, ile ya kufungua seting za BIOS, inavyotumika ndani ya grub.cfg, sasa mtu kaapdeti pakeji, katengeneza config upya kama alivyozoea, lakini grub-install, amri ya kuiweka GRUB mpya mahali pa kuwashia, hakuiendesha, kwa hiyo GRUB inayowasha mashine bado ni ile ya zamani na inasomeshwa faili lililoandikwa kwa ajili ya mpya. Baadhi ya mashine zikawa zinaruka moja kwa moja kwenye seting za BIOS, unazima unawasha unarudi palepale. Kerneli nzima, diski nzima, data zote zipo, na mtu anahangaika kutafuta flashi ya kuokolea! Hapo ndo huwa naumia, maana hata kerneli ya jana iliyokuwa inawaka vizuri huifikii tena, mlango wa kuingilia wote ni mmoja na umefungwa. Kwa mtindo wa vifaili, kerneli mpya inaongeza cha kwake tu, grub.cfg haiguswi, kikiwa kibovu unachagua cha jana.

Wanaotetea mtindo wa zamani nao wana hoja. Wenye Windows pembeni walizoea os-prober, programu inayotafuta mifumo mingine kwenye mashine, iwaletee Windows kwenye menyu, ingawa tangu GRUB 2.06 ya 2021 inakuja imezimwa. Na ukihamia systemd-boot, mbadala wa GRUB, kwa kawaida kerneli na initramfs (faili linaloisaidia kerneli kuwaka) zinakaa kwenye partishen ya EFI, sehemu ya diski ya kuwashia, ambayo Windows mara nyingi inaitengeneza ya MB 100, weka kerneli mbili tatu imejaa na apdeti inakwama katikati, hiyo ni kero ya kweli. Lakini Fedora hawakuitupa GRUB, wameifundisha tu kusoma vile vifaili, kwa hiyo kerneli zinabaki kwenye /boot yenye nafasi.

Tena dnf, programu ya Fedora ya kuapdeti, inakuachia kerneli 3 bila kuambiwa. Arch pakeji ya linux, yaani kerneli yenyewe, ikiapdetiwa ile ya zamani inaondoka kabisa, kwa hiyo mlioko huko wekeni linux-lts, kerneli nyingine ya akiba, pembeni leo, kabla ya apdeti inayofuata.