Onyo la pandas linalopigia kila mtu kelele

Hivi SettingWithCopyWarning, onyo la pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali), inamwonya nani hasa? Una jedwali, df, la kahawa ya wakulima wa Kibosho, Uru na Marangu. Unachuja: kibosho = df[df["kijiji"] == "Kibosho"], kisha unaiongezea safu ya malipo. Hesabu inatoka sawasawa kabisa, ila juu yake kuna onyo: eti thamani "inajaribu" kuwekwa kwenye nakala ya kipande cha jedwali. Inajaribu? Si useme imewekwa au haijawekwa!

Sasa andika df[df["kijiji"] == "Kibosho"]["bei"] = 5000. Onyo ni lile lile, lakini safari hii jedwali mama, yaani df yenyewe, halijaguswa hata chembe. Mabano ya kwanza yametoa nakala, bei mpya ikaandikwa humo, nakala ikapotea. Huyu ni mlinzi anayempigia filimbi moja mwizi na mwenye nyumba.

Dawa ipo, tena fupi. Ukitaka kubadili jedwali mama, df.loc[df["kijiji"] == "Kibosho", "bei"] = 5000. Ukitaka kipande chako mwenyewe, malizia kuchuja kwa .copy(). Toleo la 3.0 la pandas limeliondoa onyo hili, na kila unachochuja kinahesabiwa nakala. Sawa, hongera zao. Kompyuta ya ofisini kwetu hapa Moshi bado ina 1.5 na bosi hataki iguswe, na vijana wa fildi wakiona onyo tu wanabandika warnings.filterwarnings("ignore"), amri ya kunyamazisha maonyo yote, juu kabisa ya faili, halafu wanakwenda chai.