Kigezo cha Umumunyifu Kisiandikwe Bila Kizio Chake

Fundi wa rangi za magari hapa Arusha hujua kwa uzoefu ni thina ipi itakayoyeyusha rangi ipi. Kemia inayo namba ya kukadiria jambo hilo, nayo ni kigezo cha umumunyifu, kilichotokana na kazi ya mwanakemia Joel Hildebrand wa Marekani: vitu ambavyo namba zao zinakaribiana huelekea kuyeyushana. Kinachowatisha wanafunzi wengi ni kizio chake, yaani kipeuo cha pili cha megapaskali, na kwa maoni yangu hutishika kwa sababu tunawakaririsha kizio hicho kabla ya kuwaonyesha kilipotoka.

Tuanze na kilichomo ndani ya kipeuo. Ili molekuli za tolueni, kiyeyushi cha majimaji, zitengane na kuwa mvuke katika nyuzijoto 25, moli moja huhitaji takriban kilojouli 38. Ukiondoa kilojouli 2.5 ambazo mvuke hutumia kuisukuma hewa unapotanuka, kisha ukagawanya kwa ujazo wa moli hiyo, sentimita za ujazo 107, unapata jouli 332 kwa kila sentimita ya ujazo. Jouli moja kwa sentimita ya ujazo ni sawasawa na megapaskali moja, na kipeuo cha pili cha 332 ni 18.2. Kipeuo hakikuwekwa kwa pambo: nadharia hutoa kigezo kimoja kutoka kingine, kisha huikuza tofauti hiyo kwa kipeo cha pili, na hapo kizio hurudi kuwa nishati kwa ujazo.

Majedwali ya zamani hutumia kalori badala ya jouli, na humo tolueni ileile ni 8.9. Ukizidisha kwa 2.05 unapata 18.2. Mwanafunzi akichukua 9.1 ya polistairini kutoka jedwali la zamani na 18.2 ya tolueni kutoka jedwali jipya, ataona pengo kubwa na kuamini kwamba haviyeyushani, ilhali tolueni huiyeyusha plastiki hiyo kwa urahisi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba namba isiyo na kizio ifutwe ubaoni.

Mwaka 1967 Charles Hansen aligawa kigezo hiki katika sehemu tatu kulingana na aina ya mvutano kati ya molekuli: ya mtawanyiko, ya ncha za umeme na ya vifungo vya haidrojeni. Zote hubeba kizio kilekile, lakini hujumlishwa baada ya kupigwa kipeo cha pili, na aliyekielewa kipeuo tangu mwanzo hahitaji kuelezwa sababu: vinavyojumlishwa ni nishati.